Vipuri vya kompyuta ya kuhariri video kwa fedha kidogo: kwa nini ninaanza na faili

Kompyuta ya kwanza niliyoiunda kwa mikono yangu kwa ajili ya kuhariri video ilikuwa na kadi ya grafiki iliyomeza zaidi ya nusu ya fedha nilizokuwa nimeziweka akiba kwa miezi mingi, na vipuri vingine vyote nikavinunua kwa masalio. Niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba video ni picha na picha ni kazi ya kadi. Siku nilipoingiza mahojiano ya dakika 40 yaliyorekodiwa kwa kamera ya kuazima, picha ilikwama kila baada ya sekunde chache, sauti ikautangulia mdomo wa mzungumzaji, na nilipofungua kidirisha kinachoonyesha mzigo wa kila kipuri nikakuta prosesa imefika asilimia 100 huku kadi ile ya gharama ikiwa haina kazi.

Hapakuwa na kipuri kibovu. Sababu ilikuwa ndani ya faili lenyewe. Kamera ile ilirekodi kwa kodeki, yaani njia ya kubana video, ya H.264, lakini si ile H.264 ya kawaida tunayoizoea kwenye simu na kwenye video za mtandaoni; ilikuwa ya biti 10, yaani yenye hatua nyingi zaidi za rangi kuliko biti 8 za kawaida, na yenye taarifa za rangi za kiwango cha 4:2:2, kilicho juu ya 4:2:0 ya kawaida. Ndani ya kadi ya grafiki mna sakiti maalumu iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kufungua video zilizobanwa, na sakiti hiyo hufungua aina zile tu ilizotengenezewa. H.264 ya biti 10 haikuwa miongoni mwa aina hizo kwenye kadi yangu, wala kwenye kadi nyingine za NVIDIA mpaka ulipotoka mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Kazi yote ikamwangukia prosesa mwenye viini vinne ambaye nilimchagua kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa wa bei ya chini kuliko wenzake dukani.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye fedha zake zinatosha kukosea mara sifuri. Mwenye fedha nyingi hununua kila kitu kikubwa na mambo yakaenda. Mwenye fedha kidogo analazimika kujua mzigo wake utaanguka wapi kabla hajalipa. Kamba hukatika pabovu, na katika kompyuta ya kuhariri video pabovu hapajulikani mpaka ulijue faili utakalolihariri.

Basi tuanze na faili. Kamera na simu karibu zote hubana video kwa H.264, kodeki iliyoidhinishwa mwaka 2003, au kwa mrithi wake HEVC, ambaye pia huitwa H.265, aliyeidhinishwa mwaka 2013. Kodeki hizi hupunguza ukubwa wa faili kwa ujanja mmoja mkuu: hazihifadhi kila fremu kwa ukamilifu wake. Huhifadhi fremu moja nzima, kisha kwa fremu nyingi zinazofuata huandika tu kilichobadilika, mkono umesogea huku, ukuta umebaki ulivyo. Kwa mtazamaji anayeangalia kutoka mwanzo hadi mwisho mpango huu ni mzuri sana. Kwa mhariri ni mateso, kwa sababu mhariri haangalii moja kwa moja. Anaruka, anarudi nyuma, anasimama katikati ya sekunde, anakata. Kila anaporukia mahali, programu inabidi irudi hadi kwenye fremu nzima iliyotangulia, kisha ijenge upya fremu zote zilizo kati mpaka ifike pale alipobonyeza. Ndiyo maana faili dogo la simu linaweza kuitesa kompyuta kuliko faili kubwa mara kumi la kamera ya kitaalamu, jambo ambalo nilikataa kuliamini mpaka nilipolijaribu mwenyewe.

Kabla hujaangalia bei ya kipuri chochote, chukua mafaili matatu au manne ya kazi zako halisi uyafungue kwa programu ya bure ya MediaInfo, au kwa VLC ukiangalia taarifa za kodeki. Utafute mambo manne: kodeki, kina cha biti, kiwango cha rangi na megabiti kwa sekunde. Ukikuta H.264 ya biti 8 na 4:2:0, umepata nafuu kubwa, kwa kuwa karibu kila kompyuta ya miaka kumi iliyopita yenye grafiki ya ndani, yaani iliyomo ndani ya prosesa, ina sakiti ya kuifungua. Ukikuta HEVC ya biti 10 na 4:2:0, kama ile inayotoka kwenye simu nyingi zinazorekodi HDR, unahitaji prosesa za Intel kuanzia kizazi cha saba au kadi kuanzia mfululizo wa GTX 10 wa mwaka 2016. Ukikuta 4:2:2, hapo usinunue chochote kwanza, endelea kusoma.

HEVC ya 4:2:2 yenye biti 10 hufunguliwa vizuri na grafiki ya ndani ya prosesa za Intel za mezani kuanzia kizazi cha 11, pamoja na kadi za Intel Arc. Hili ni jambo la ajabu kidogo kwa mtu aliyezoea kudharau grafiki ya ndani. Sakiti hiyo ya Intel inaitwa Quick Sync, imekuwapo tangu mwaka 2011, na kwa miaka kadhaa iliwafaa wahariri wa kamera za aina hii kuliko kadi kubwa zilizogharimu mara nyingi zaidi. Ndiyo iliyonifanya nibadili mpango wangu wote nilipojenga kompyuta ya pili.

Hapa pana mtego ambao ningependa kila mtu auone mapema. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, kwa mfano i5-12400F, huuzwa kwa bei ya chini kidogo kuliko zile zisizo na herufi hiyo, na muuzaji atakuambia, kwa ukweli kabisa, kwamba kasi ni ileile. Asichokuambia ni kwamba herufi F maana yake grafiki ya ndani imezimwa, na ikizimwa grafiki, Quick Sync nayo imekwenda. Kwa mchezaji wa gemu mwenye kadi kubwa hiyo si hasara. Kwa mhariri wa bajeti ndogo ni kukata tawi lenye matunda ili kuokoa gharama ya kamba. Mimi ninasema bila kusita: lipa ile tofauti ndogo uchukue isiyo na F.

Prosesa ninayompendekeza mara nyingi ni i5-12400 mwenyewe, aliyetoka mwanzoni mwa mwaka 2022, mwenye viini 6 na nyuzi 12 (kazi anazoweza kuzishughulikia kwa wakati mmoja), na kiwango cha msingi cha wati 65. Anakubali ubao mama wa DDR4, kumbukumbu ambayo bado hupatikana kwa urahisi ikiwa imetumika, na grafiki yake ya ndani inatosha kufungua karibu kila kitu isipokuwa ile H.264 ya biti 10 iliyonitesa. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 5600 ana viini na nyuzi za idadi ileile na wati 65 vilevile, naye hukaa kwenye soketi ya AM4 ambayo ilianza mwaka 2016 na kwa hiyo ina vipuri vingi vya mkono wa pili. Ni prosesa mzuri, ila hana grafiki ya ndani kabisa, hivyo lazima ununue kadi siku hiyohiyo, na kadi hiyo ndiyo itakayofungua video zako. Ukichagua njia hiyo, angalia pia kwamba ubao mama wa zamani wa AM4 unaweza kuhitaji BIOS mpya, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, kabla ya kumtambua prosesa wa mfululizo wa 5000. Mwombe muuzaji aiweke kabla hujaondoka, au tafuta ubao unaoweza kupokea BIOS kutoka kwenye flashi bila prosesa kuwa mahali pake.

Je, viini 6 vinatosha? Kwa kukata, kupanga, kuweka maandishi, kurekebisha rangi kwa kiasi na kutoa faili la mwisho la 1080p au hata la 4K, vinatosha. Viini 8 au 12 huonyesha thamani yake pale unapotoa faili kwa prosesa badala ya sakiti, au unapotengeneza nakala nyepesi za mafaili mengi kwa mpigo. Mhariri anayefanya kazi ya saa moja kwa wiki hatapata faida inayolingana na fedha alizoongeza. Anayekaa mbele ya kompyuta siku nzima ni mtu mwingine, na ninamshauri aongeze hapa kabla ya kuongeza kwenye kadi.

Nimetaja nakala nyepesi, ambazo wengi huziita proksi, na nadhani hapa ndipo bajeti ndogo inapookolewa kweli. Badala ya kuilazimisha kompyuta ifungue faili gumu kila unapobonyeza, unaiambia programu itengeneze nakala ya kila faili katika kodeki isiyobana kwa ule ujanja wa kuandika mabadiliko tu, yaani kodeki inayohifadhi kila fremu peke yake, kama vile ProRes Proxy au DNxHR LB. Kompyuta hufanya kazi hiyo wakati wewe umelala. Asubuhi unahariri kwa nakala, na unapotoa faili la mwisho programu inarudi yenyewe kwenye mafaili ya asili, kwa hiyo ubora haupotei hata chembe. DaVinci Resolve ya bure, Premiere Pro, Kdenlive na Shotcut zote zina njia hii. Yale mahojiano ya dakika 40 niliyamaliza kwa njia hiyo kwenye ile kompyuta yangu ya kwanza niliyokuwa nimeikatia tamaa, nikiwa na prosesa uleule wa viini vinne, na nilijilaumu kwa kutofahamu mapema.

Proksi hudai malipo yake kwenye diski. ProRes Proxy ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde hutumia megabiti takriban 45 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja ni gigabaiti 20 hivi. Video ya asili yenye megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa. Ukihariri kazi ya saa tano za picha ghafi, tayari umefika gigabaiti zaidi ya 300 kabla hujahesabu muziki, kashe (mafaili ya muda ya programu) na faili la mwisho. Kwa hiyo SSD, yaani diski isiyozunguka, ya gigabaiti 256 inayobeba pia mfumo wa kompyuta itajaa kabla hujamaliza hata kazi hiyo moja, na SSD iliyojaa hupunguza kasi. Terabaiti 1 ndiyo kiasi cha chini ninachoweza kumshauri mtu kwa moyo mkunjufu.

Kuhusu kasi ya diski, watu hupoteza fedha kwa kufuata namba zilizo kwenye boksi. SSD ya SATA husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, NVMe, ile SSD inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, ya kizazi cha tatu cha PCIe hufika karibu 3,500, na ya kizazi cha nne karibu 7,000. Sasa linganisha na mahitaji: megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu, na ukiweka kamera tatu za aina hiyo juu ya nyingine na kuzicheza kwa pamoja unahitaji megabaiti 37.5. Hata SATA inabeba mzigo huo mara kumi na zaidi. Diski ya kuzunguka ya zamani, yenye megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, ingeonekana kwenye karatasi kuwa inatosha pia, lakini haitoshi kwa kuhariria, kwa sababu vichwa vyake vya kusomea husogea pamoja na vinalazimika kwenda huku na huku kila unaporuka kutoka faili moja hadi jingine. Hivyo ninaiweka NVMe ya kawaida ya kizazi cha tatu kwa kazi ya sasa, na diski ya kuzunguka kwa kazi zilizokwisha. Tofauti kati ya kizazi cha tatu na cha nne sijaiona kamwe nikiwa nahariri.

Kuna jambo moja kuhusu SSD ambalo boksi haliandiki kwa herufi kubwa. SSD za bei ya chini mara nyingi hutumia seli za QLC, zinazohifadhi biti nne kila moja, na huficha upole wake nyuma ya sehemu ndogo ya haraka inayopokea maandishi kwanza. Unaponakili mafaili machache huoni kitu. Unaponakili gigabaiti 200 kutoka kwenye kadi za kamera, sehemu ile ya haraka hujaa, na kasi inaweza kuanguka hadi chini ya ile ya diski ya kuzunguka. Mhariri ndiye mtu hasa anayenakili kwa wingi namna hiyo. Tafuta yenye seli za TLC, zinazohifadhi biti tatu kila moja. Tofauti ya bei kwa kawaida ni ndogo na utaiona thamani yake kila mara unaporudi kutoka kurekodi. Vilevile, kabla ya kununua diski ya kuzunguka kwa ajili ya hifadhi, hakikisha kama ni ya SMR au CMR, njia mbili tofauti za kupanga maandishi kwenye sahani zake, kwa kuwa ile ya SMR hupunguza kasi sana inapoandikiwa mfululizo kwa muda mrefu.

Kumbukumbu ya RAM haina maneno mengi. Gigabaiti 16 zinatosha kwa 1080p na kwa 4K yenye proksi, 32 zinakupa pumzi ukifungua pia programu ya picha na kivinjari chenye vichupo vingi, 8 usizijaribu. Nunua vijiti viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa anayetegemea grafiki ya ndani, kwa sababu grafiki hiyo haina kumbukumbu yake na hukopa ileile ya RAM. Kwenye ubao wenye nafasi nne, vijiti viwili huwekwa kwa kawaida kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka upande wa prosesa, lakini kitabu cha ubao ndicho chenye neno la mwisho. Baada ya kuwasha, ingia kwenye BIOS uwashe wasifu wa XMP, mpangilio unaoviendesha vijiti kwa kasi iliyoandikwa juu yake. Usipofanya hivyo, vijiti ulivyovinunua kwa kasi ya 3200 vinaweza kuendelea kufanya kazi kwa 2133 au 2400 miaka yote bila wewe kujua. Na ukumbuke kwamba DDR4 na DDR5 haziingiliani: pengo lililo kwenye kijiti liko mahali tofauti na hakuna nguvu itakayoviingiza.

Sasa nirudi kwenye kadi ya grafiki, ile niliyoipa heshima isiyostahili. Sisemi haina kazi. Katika DaVinci Resolve kadi hubeba karibu kila kitu kinachofanyika baada ya fremu kufunguliwa: kurekebisha rangi, kuondoa chembechembe za picha iliyorekodiwa gizani, kubadili ukubwa, kuweka athari. Anayefanya kazi ya rangi kwa bidii anaihitaji kweli. Lakini anayekata mahojiano, masomo au habari, akaweka maandishi na kusawazisha sauti, anaweza kuanza na grafiki ya ndani ya Intel, akafanya kazi miezi sita, kisha akanunua kadi kwa fedha iliyotokana na kazi hiyohiyo. Huo ndio utaratibu ninaoupendelea, kwa sababu baada ya miezi hiyo utakuwa unajua kwa uhakika ni wapi kompyuta yako inakwama, na utanunua kadi kwa kujua badala ya kukisia.

Ukifika wakati wa kuinunua, kumbukumbu ya ndani ya kadi itangulie kasi yake. Kadi yenye gigabaiti 4 inafaa kwa 1080p. Kwa 4K katika Resolve ningetafuta 6 au 8, kwa maana kumbukumbu ikijaa programu haipunguzi mwendo tu bali husimama na kukuonyesha ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imekwisha, na mara nyingi hufanya hivyo ukiwa unatoa faili la mwisho. RX 6600 yenye gigabaiti 8, RTX 3050 yenye 8 na RTX 3060 yenye 12 ni kadi zinazopatikana zikiwa zimetumika na bado zina nguvu ya kutosha. Kuna moja ninayowaonya watu waikwepe kwa kazi hii, nayo ni RX 6500 XT ya mwaka 2022. Kwa gemu ndogo ina wateja wake, lakini ilitengenezwa bila sakiti ya kubana video kabisa, kwa hiyo haiwezi kukutolea faili la mwisho kwa njia ya haraka, si la H.264 wala la HEVC. Ndugu yake mdogo RX 6400 ana upungufu huohuo. Kwa upande mwingine, Intel Arc A380, kadi ndogo yenye gigabaiti 6, hubana hata AV1, kodeki ambayo kadi nyingi kubwa za wakati wake hazikuweza kuibana. Sharti lake ni kwamba ubao mama wako uwe na uwezo unaoitwa Resizable BAR, vinginevyo kasi yake hushuka sana. Kwa kompyuta ya zamani ya kizazi cha nane au cha tisa usiichukue kabla ya kuhakikisha hilo.

Kompyuta za zamani ndiyo njia ya mkato ambayo wengi huijia, na mimi ninaiunga mkono kwa masharti. Kompyuta za ofisini kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk huuzwa kwa wingi makampuni yanapobadilisha vifaa, na moja yenye i5 au i7 ya kizazi cha nane au zaidi ni msingi mzuri. Kizazi cha nane nimekitaja kwa makusudi, kwa kuwa Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za kabla yake, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Masharti yenyewe ni haya. Pawa saplai za kompyuta hizi mara nyingi zina umbo na plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuibadilisha kwa ya kawaida ukitaka kuongeza nguvu. Kasha dogo linapokea kadi fupi tu. Na kwa kuwa hakuna waya wa ziada wa umeme wa kadi, unabaki na wati 75 zinazotoka kwenye nafasi ya PCIe, ambazo zinatosha kwa GTX 1650 ya aina isiyohitaji waya, na kwa nyingine chache za ukubwa huo. Chagua kasha refu la mnara ukilipata. Lile jembamba linapendeza mezani lakini litakufungia milango yote.

Pawa saplai. Hapa siwezi kuwa mpole. Ni kipuri pekee ambacho kikifa vibaya kinaweza kuondoka na vingine vyote, na bado ndicho watu hukitoa sadaka kwanza wanapopunguza gharama. Kompyuta yenye prosesa wa wati 65 na kadi ya wati 130 haihitaji wati 750. Pawa saplai halisi ya wati 500 au 550 inazibeba kwa raha. Neno halisi ndilo la msingi. Kuna pawa saplai zilizoandikwa wati 600 ambazo uzito wake tu ukiishika mkononi unakuambia ndani mna nini, na ambazo kiasi kikubwa cha wati hizo hakiko kwenye njia ya volti 12 inayolisha prosesa na kadi. Soma kibandiko cha ubavuni: zidisha ampea za volti 12 kwa 12, na upate namba iliyo karibu na ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Alama ya 80 Plus inapima kiasi cha umeme kisichopotea kama joto, haipimi ubora wa vilivyomo wala ulinzi wake, hivyo isikutulize peke yake. Usinunue pawa saplai iliyotumika usiyoijua umri wake. Prosesa ya mkono wa pili, ndiyo, RAM, ndiyo, hii, hapana.

Kasha liwe lenye matundu mbele na feni mbili, inatosha. Feni ya prosesa inayokuja kwenye boksi la i5-12400 au la Ryzen 5 5600 inamudu, ingawa itapiga kelele wakati wa kutoa faili refu. Ukinunua prosesa iliyotumika, futa dawa ya joto ya zamani kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya njegere.

Skrini huwa inasahaulika katika hesabu mpaka fedha zimekwisha, kisha mtu anahariri rangi kwenye paneli ya TN inayobadilika kila anapoinamisha kichwa. Chukua IPS ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 na inayodai kuonyesha karibu rangi zote za sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za mtandaoni. Huhitaji skrini ya 4K ili kuhariri 4K, na grafiki ya ndani itakushukuru kwa kutoipa mzigo huo.

Kompyuta yangu ya sasa ina i5-12400, RAM ya gigabaiti 32 katika vijiti viwili, NVMe ya terabaiti 1, diski ya kuzunguka ya terabaiti 4 na pawa saplai ya wati 550. Ilikaa miezi minane bila kadi. Siku niliyoiunganisha, kabla ya kuiamini kwa kazi ya mtu, niliweka mradi wa saa nzima wenye rangi na maandishi, nikaiamuru itoe faili mara tatu mfululizo, na nikakaa pembeni nikiangalia joto la prosesa. Mara ya kwanza lilipanda hadi nyuzi 94 kwa sababu mguu mmoja wa feni haukuwa umeingia sawasawa kwenye ubao. Niliizima kompyuta, nikaubonyeza mguu huo hadi ukalia, nikaanza upya, na mara tatu zote zilizofuata halikuvuka 78.